Koti la Mwenyekiti na Mwaka 2100

Dobi wa chini ya ngazi alikuwa na pasi ya mkaa yenye jogoo wa chuma kwenye mfuniko. Wapangaji wa ghorofa zote nne walimwita Mikunjo. Wengi walidhani jina limetokana na kazi yake. Wapi. Lilitokana na uso. Uso wake ulikuwa umejikunja tangu ujana, na mwenyewe aliutetea kwa kusema kwamba mikunjo yote aliyoitoa kwenye mashati ya watu ilibidi iende mahali.

Kwa kunyoosha, tusimwonee, hakuwa na mpinzani. Mstari wake wa suruali ungeweza kukatia mkate. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya kitambaa yakatua kama umande, kisha akaishika pasi na kuitikisa huku na huku kama mtu anayembembeleza mtoto mkorofi, mpaka mkaa ukachangamka. Majivu yalipanda ngazi kuwasalimia wapangaji. Moshi ulifuata nyuma, ukapita ghorofa ya kwanza bila kubisha hodi, ukafika ya tatu ukakuta nepi za mtu zimeanikwa, ukajifuta humo. Watu walikohoa, walilaani, na jioni walishuka na mashati yao.

Kilema chake kilikuwa kimoja. Alivaa nguo za wateja.

"Nguo ni kama gari," alimweleza mkewe, ambaye alishona kwa cherehani upande wa pili wa ngazi. "Ukiiegesha sana inagoma. Lazima uitembeze kidogo ipate moto."

"Gari la mtu," mkewe akasema bila kuinua macho.

"Naitembeza hapa hapa karibu."

"Jana umeonekana stendi."

"Stendi nayo ni mbali, mama watoto?"

Kati ya magari yote aliyowahi kuyatembeza, hakuna lililomkaa kama koti la buluu la mwenyekiti wa wapangaji. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa ofisi ambayo hakuna aliyewahi kuijua, ila ilimwachia tumbo, miwani na koti hilo. Mikunjo alilivaa siku moja kwenda kumtembelea shemeji yake, na njia nzima watu wakamwamkia kwa unyenyekevu. Kondakta alimfutia kiti. Kwa shemeji aliketi kwenye kochi ambalo siku nyingine huonyeshwa tu. Akapewa chai, akaanza kueleza jambo la maana kwa kupunga mkono, maana mtu akiwa ndani ya koti lile mkono hupunga wenyewe, na nusu kikombe ikaingia kwenye mkono wa koti. Alipolivua kwa haraka, kifungo kikaruka na kupotelea kusikojulikana.

Doa alilisugua kwa limau mpaka likafifia na kubaki kama ramani ya kisiwa kidogo. Kifungo mkewe alishona kingine. Hakikufanana na wenzake sawasawa. Walifanana kama mabinamu.

"Siku moja utakamatwa ndani ya suruali ya mtu," mkewe alimwambia huku akikata uzi kwa meno, "uambiwe uitoe pale pale barabarani."

Sasa basi. Asubuhi moja mwenyekiti akashuka ngazi, akasimama mbele ya meza ya dobi, akachokonoa meno na kutazama moshi ukipanda.

"Jumamosi kuna mkutano juu ya paa," akasema. "Tutazungumzia mabadiliko ya tabianchi. Usikose. Wewe ndiye mfano mkubwa katika jengo hili."

"Mimi, mzee?"

"Wewe. Mambo yako ya hapa chini ya ngazi tunayajua yote. Watu wamechoka kuvumilia. Itaamuliwa hapo hapo kama unabaki au unafungasha."

Akaondoka. Mikunjo akabaki ameinua pasi hewani. Katika maneno yote yale, sikio lake lilikuwa limenasa moja tu: tabia. Ile nchi iliyofuata nyuma yake ilidondoka njiani isiokotwe na mtu.

"Wamejua," akamwambia mkewe.

"Wamejua nini?"

"Koti. Jengo zima linaitisha mkutano juu ya tabia yangu. Mabadiliko ya tabia. Nisipobadilika natolewa."

Mkewe alisimamisha cherehani. Chini ya ngazi ile ndipo walipolelea watoto wao, ndipo penye meza, cherehani, ndoo na ile misumari ya kutundikia nguo ambayo Mikunjo aliipigilia mwenyewe ikapinda yote. Nje ya pale hawakuwa na pa kwenda, labda kwa shemeji mwenye kochi.

"Basi usibishane nao," mkewe akasema. "Wewe ukiachiwa uongee unajichimbia. Wakikutaja, simama, kubali, sema umeacha. Ukae."

"Nitasema umeniponza wewe kwa kunishonea kifungo."

"Sema hivyo, halafu tafuta pa kulala."

Jumamosi ilipofika kukawa na jambo ambalo hakulifikiria kabla. Ili kuonyesha amebadilika, ilibidi avae nguo zake mwenyewe. Alizitafuta mpaka akazipata ndani ya ndoo, chini ya vibanio. Shati lilikuwa limejikunja kama karatasi iliyotupwa, maana miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mteja wake mwenyewe. Alipopanda ngazi, mama wa ghorofa ya pili alimtazama juu mpaka chini.

"Nani huyu?"

"Mimi dobi wenu, mama."

"Acha utani. Dobi wetu huvaa vizuri."

Juu ya paa kulikuwa na viti vya plastiki, tangi la maji, na binti mtaalamu wa nishati aliyeletwa kueleza mpango wa kuweka paneli za sola. Alikuwa na kompyuta na shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Lilikuwa na mkunjo katikati, na Mikunjo hakuweza kuona kitu kingine. Mwenyekiti alikaa mbele, ndani ya koti la buluu.

Mtaalamu akaonyesha picha ya dunia ikiwa na rangi nyekundu kama mtu mwenye homa.

"Wazazi wangu," akaanza, "hii ni dunia ya mwaka 2100 kama hatutabadilika."

Mikunjo akavuta kiti chake nyuma. Alijua ametenda kosa, lakini hakujua kwamba lilikuwa limefika huko.

"Makaa, mafuta na gesi tunavyovichoma vinatoa hewa ya ukaa. Na ukaa huu hauondoki kesho. Unapanda, unakaa juu, unatuzunguka miaka na miaka. Unaweza kusahau ulichofanya, lakini chenyewe bado kipo juu pale."

Mikunjo akatazama juu kwa wasiwasi. Kulikuwa na kunguru tu.

"Ndiyo maana tunahamia nishati jadidifu."

"Jadidifu ni nani?" Mikunjo akamnong'oneza mkewe.

"Nyamaza. Labda na yeye umevaa shati lake."

"Kitu kikubwa cha kuelewa," mtaalamu akaendelea, na sauti yake ikawa ya upole, jambo lililomtisha dobi zaidi, "ni kwamba hiki tulicho nacho si chetu. Wenyewe bado hawajafika. Sisi tumekishika tu. Lakini tunakitumia kana kwamba hawatakuja kukidai, mpaka kinachakaa na kunuka moshi. Siku wakija, tutawaambia nini?"

Jasho lilikuwa likimshuka Mikunjo mpaka soksini, na soksi nazo, kwa bahati mbaya, zilikuwa za mpangaji wa ghorofa ya nne.

Mwenyekiti akainuka. "Mfano hatuhitaji kuutafuta mbali. Tunaye hapa hapa. Dobi, simama watu wakuone."

Mkewe akamsukuma kwa kiwiko. Akasimama.

"Mwenyekiti na wapangaji wenzangu," akasema, "nakubali. Nimevaa."

Watu wakatazamana.

"Nimevaa kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Mwenye kitu akiwa mbali, unaanza kuona ni chako. Unasema leo tu. Kesho ukiamka, unakuta ni leo tena. Na ukishavaa, jamani, ni raha, tusidanganyane. Unaheshimiwa. Unakalishwa kwenye kochi. Basi ukimwaga chai, unasema haitaonekana. Kifungo kikitoka, unasema nitashona kinachofanana. Unakirudisha kimenyooka juu juu, lakini ndani unajua umekula. Sasa nimeambiwa nibadilike. Nimebadilika. Mnaniona, nimekuja na shati langu hili."

Mtaalamu alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Mjomba," akasema, "mimi naeleza jambo hili kwenye mikutano kila siku, na sijawahi kulisikia likisemwa hivi. Dunia ni nguo ya mteja. Wenye nguo ni vizazi vijavyo." Akaanza kupiga makofi. Watu wote wakapiga. Mama wa ghorofa ya pili alifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mwenyekiti naye alipiga, mwanzoni kwa nguvu. Halafu makofi yake yakawa ya mmoja mmoja. Halafu yakakoma. Akainua mkono wa koti karibu na miwani, akaona kisiwa. Akashuka kwenye vifungo, akavihesabu kwa kidole, akafika kwa yule binamu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu hatoi mfano. Hili ni koti langu."

"Kabisa, mzee," mtaalamu akasema kwa furaha. "Hivyo ndivyo wajukuu watakavyosema. Hili ni koti langu."

"Nasema hili hapa. Chai ni hii."

"Nani aliimwaga?" mtaalamu akauliza watu, kama mwalimu.

"Ni sisi," watu wakaitikia.

"Ni huyu," mwenyekiti akafoka, akimnyooshea dobi kidole.

"Na sisi pia, mzee, tusimwachie mmoja," akasema mama wa ghorofa ya pili, na makofi yakaanza upya. Kadiri mwenyekiti alivyoeleza, ndivyo walivyozidi kumsifu kwa kuigiza vizuri.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumfukuza mtu. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa moshi uondoke na dobi aende nao. Watu waliamua moshi tu ndio uende. Jogoo wa chuma akastaafishwa. Mikunjo akapewa pasi ya umeme iliyofungwa kwenye paneli za paa, na mtaalamu akamtangaza balozi wa tabianchi wa jengo zima. Alipoambiwa tabianchi ni nini hasa, alitikisa kichwa polepole.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nawapima."

Pasi mpya ina nongwa moja. Betri zote zimeachiwa taa na pampu ya maji, hivyo yenyewe hula jua moja kwa moja. Jua likiwaka, kazi inakwenda. Likipita wingu, pasi inapoa hapo ilipo, na kuna wapangaji waliokwenda kazini mguu mmoja wa suruali ukiwa na mstari na mwingine umelala.

Mwenyekiti siku hizi haachi koti na kuondoka. Analivua, anabaki na fulana, anavuta kiti cha plastiki na kulilinda kwa macho mpaka liishe, kisha analivaa likiwa bado la moto.

"Wingu lile linakuja huku au linakwenda?" aliuliza juzi, amekunja mikono kwa baridi.

"Linakuja, mzee," dobi akamjibu. "Mambo ya ukaa hayo. Yanakaa."

Na tangu hapo hakuna mtu katika jengo lile anayeifuatilia hali ya hewa kama mwenyekiti.