Barua Kwenye Nguzo ya Shamba

Babu yake Moagi aliwagawia watu mashamba kwa niaba ya chifu, akipima kwa hatua za miguu yake, na aliyeona ameonewa alikwenda kulalamika barazani kesho yake asubuhi. Baadaye Bunge la Botswana liliiondoa kazi hiyo kwa machifu na kuikabidhi Bodi ya Ardhi. Moagi alipoajiriwa na bodi, alijiona amerithi kiti cha babu, tena chenye muhuri.

Alikuwa mpole, asiyependa kusumbua watu. Hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka huo alitumwa kukagua mashamba yaliyolala miaka mitano bila kulimwa. Sheria iliiruhusu bodi kuyachukua na kuwapa wengine, lakini kwa sharti: mwenye shamba akabidhiwe barua mkononi, apewe siku thelathini, kisha asikilizwe. Shamba la Mma Sethunya lilikuwa limejaa miiba. Mumewe aliugua miaka minne, akafa, na sasa mjane alikuwa ndani ya nguo nyeusi. Moagi aliijua mila vizuri: mjane aliye msibani hakanyagi mashamba mpaka mwaka uishe, asije akaifukuza mvua.

Aliona haya kuingia nyumba ya msiba na karatasi ya serikali. Akaipigilia msumari kwenye nguzo ya lango la shamba.

"Hiyo sasa umemwandikia nani?" aliuliza Pule, dereva wa ofisi, huku akitafuna nyama kavu. "Mbuzi?"

"Watoto wake wataiona."

"Watoto wake wako Gaborone, bwana. Labda hao mbuzi wamsomee."

Moagi alicheka naye. Ofisini, fomu ilitaka neno moja tu. Akaandika "amekabidhiwa", akagonga muhuri.

Siku thelathini zikapita kimya, bodi ikalichukua shamba. Tangu hapo Moagi akawa anazunguka nyuma ya shule ili asipite mbele ya nyumba ya Mma Sethunya, na mkewe alipomuuliza mbona siku hizi anachelewa, alisingizia kazi.

Mwaka ulipoisha, Mma Sethunya alivua nguo nyeusi, akabeba mbegu za mtama kwenda shambani. Akamkuta mtu mwingine anang'oa miiba. Hakupiga kelele. Alikata rufaa kwenye Baraza la Ardhi, linalosikiliza malalamiko dhidi ya bodi.

Siku ya kusikilizwa, mkuu wa ofisi alimwambia Moagi kwamba akiulizwa ajibu "ndiyo" tu, mambo yaishe. Mma Sethunya alisema hakupokea barua yoyote. Mwanasheria wa bodi akaiinua ile fomu na kueleza, kwa sauti ya huruma, kwamba huzuni humsahaulisha mtu mengi, hasa mwenye umri wake.

Mama yule akainamisha kichwa, kama anayejaribu kweli kukumbuka. Moagi hakuweza kuvumilia kumwona hivyo.

"Hajasahau," alisema, akasimama kabla hajaitwa. "Sikumpa. Niliibandika shambani, na nilijua hawezi kufika."

Mwenyekiti wa baraza alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba aliona haya. Mwenyekiti aliandika taratibu, halafu akasema bodi haina mamlaka zaidi ya yale iliyopewa na sheria, na sheria haikuipa mamlaka ya kumnyang'anya mtu ambaye haijamsikiliza. Uamuzi ukafutwa, shamba likarudi.

Nje, Moagi alimfuata Mma Sethunya, akashika kofia kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Alitamani atukanwe.

"Mvua za mwaka huu zimeshapita, mwanangu," alisema mama. "Hilo nitalivumilia. Lakini ungekuja tu. Mwaka mzima nilikaa pale mlangoni naangalia njia, nikiomba apite mtu yeyote. Hata wewe na karatasi yako, ningekupa uji."

Siku hiyo Moagi alirudi nyumbani kwa njia inayopita mbele ya nyumba ya mama yule.