Mstari Mmoja Uliomnyamazishia Ferdinandi Dunia

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka moto. Nilikaa kwenye kiti cha mtu mwingine, pale Gitaza, nikitazama kioo cha ordinateri, yaani kompyuta, kisichoandika kitu.

Lakini ngoja nirudi nyuma, maana nimeanzia mkiani. Nilikuwa na miaka kama thelathini, nimeshaoa, na bado najiita kijana. Shule niliacha darasa la nne. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Ila mikono iliijua redio. Nilifanya kazi hapa Rumonge kwa Mzee Sadiki, fundi wa redio. Yeye mwenyewe alikuwa na kibali cha kuongea na dunia nzima kwa mawimbi, bila malipo, kwa kupenda tu, pamoja na wenzake wachache wa mwambao huu wa ziwa. Sijaona tena mtu safi wa kazi kama yule. Akiunga waya, unatamani uuvae shingoni. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nikimtaja Mzee Sadiki nasimama wima kama askari, na hakukosea.

Mzee alikuwa na klasta. Wengi hawakijui kitu hiki, basi nikueleze polepole. Ni programu iliyokaa ndani ya ordinateri yake, na watu wa redio waliingia humo kwa mawimbi kutoka makwao, kila mtu kwa jina lake la hewani. Mmoja akisikia kituo cha mbali, tuseme Japani, anaandika: nimekisikia, kiko kwenye mita kumi na tano. Wote walioingia wanaona, wanakimbilia kukitafuta. Hizo mita ni urefu wa wimbi, kila kundi la vituo na lake. Sasa, mtu anapoingia, programu inasoma kwanza skripti yake, yaani mistari michache inayosema huyu bwana apewe nini, asipewe nini. Mwenye skripti yake anasomewa yake. Asiye nayo anasomewa ya wageni, moja kwa wote. Mzee alikuwa na yake. Mimi nilikuwa na yangu. Wengine wote walipita kwa ile ya wageni.

Mzee alipokwenda msibani Kigwena aliniachia ufunguo. Nikaona habari zinateremka kwenye kioo kama ndagala, dagaa wa ziwani, wanaomwagwa mchangani. Nikajisemea, maskini wageni, niwapunguzie tabu. Mimi nilipenda mita ishirini, na kwa ujinga wangu nikadhani kila mwenye akili anapenda mita ishirini. Nikaongeza kwenye skripti ya wageni mstari mmoja wa kichujio: kubali mita ishirini. Kubali, mwanangu! Neno zuri namna hiyo, nani angeliogopa? Nilidhani nazitanguliza tu mbele ya nyingine. Nikaingia kwa jina langu kujaribu, kila kitu kinatiririka kama kawaida. Nikafunga duka nikipiga mluzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja mama muuza ndagala akaingia dukani na salamu kutoka kwa Mzee Ferdinandi wa Gitaza. Huyu aliwahi kuwa mtu wa redio kwenye meli za mizigo za ziwa letu hili, kabla miguu haijamkataa. Sasa hakutoka nyumbani. Redio ndiyo ilikuwa miguu yake. Na antena yake, waya aliokata kwa mkono wake, ilikuwa ya mita kumi na tano basi.

"Anasema muende muchukue redio," mama akasema. "Anasema mawimbi yamekufa, ao basi ni watu wamemuchoka. Leo anashusha mulingoti."

Mzee Sadiki akaketi kwenye ordinateri. Alifungua skripti ya wageni, akaisoma, akaiacha kama ilivyo. Kisha akafunga duka saa tatu asubuhi, yeye ambaye hata siku ya Idi alifungua nusu siku, tukadandia lori la mawese mpaka Gitaza.

Tulimkuta mkwe wa Ferdinandi yuko juu ya paa, ameshalegeza kamba mbili za mlingoti.

"Amahoro, Ferdinandi," Mzee akasema. "Mkweo ashuke kwanza."

"Ashuke ya nini? Hapa iko kimya kama kaburi. Naingia kila asubuhi, programu inaniambia karibu, halafu basi. Kama nyumba ya watu wamenuniana!"

"Labda masikio yamezeeka."

"Kioo kinasomwa na masikio, Sadiki? Wewe ndiyo umezeeka!"

Mzee akacheka, halafu akanigeukia bila kicheko. "Kaa hapo. Ingia kwa jina lake, siyo lako."

Nikaingia. Kioo kikaandika karibu. Baada ya hapo, hakuna. Nikangoja. Nje niliwasikia akina mama wakigeuza ndagala juani, na yule mkwe akikohoa juu ya paa. Kioo hakikusema kuna kosa, hakikusema umekataliwa, hakikusema lolote. Hapo ndipo nilipoukumbuka mstari wangu. Kichujio kina sheria yake: ukiandika kataa kitu kimoja, vingine vyote vinapita, ukiandika kubali kimoja, vingine vyote vinabaki nje, na hakuna anayekuja kukuambia kwamba vimebaki.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?" Ferdinandi akanitazama. "Wiki tatu namuuliza mke wangu, nimemukosea nani? Wewe?"

Sikuwa na pa kuweka uso. Mzee Sadiki hakupaza sauti. Alisema tu, "Mlango wa wageni umeupaka rangi nzuri. Umewahi kuupita?"

Nikaandika amri ya kufuta kichujio. Tukakaa kidogo. Ukaja mstari mmoja, kisha mitatu kwa mpigo: Brazili, mita kumi na tano. Ferdinandi akanivuta bega. "Toka kwenye kiti changu, mutoto!" Halafu akapiga kelele paani, "Weye! Kaza hizo kamba!"

Jioni ile, dukani, nilitoa ule mstari kwenye skripti ya wageni. Mzee akanituma niende kwa wageni mmoja mmoja, niwaulize wanataka nini, nimwandikie kila mtu skripti yake. Ferdinandi alitaka vyote, hata habari za bwana mmoja aliyejisifu kila asubuhi. "Nisipomuona, nitamucheka nani?" Na watu walipouliza kilichotokea, Mzee Sadiki aliwajibu: "Klasta yangu ilikuwa na kasoro." Yangu, alisema. Jina langu halikutoka kinywani mwake hata siku moja, mpaka tulipomzika.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kuwapangia watu, iwe kazini, iwe msikitini, iwe nyumbani mwako, usipange ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Nenda ukae kwa yule asiye na mpango wake, uone anachokiona yeye. Aliyezuiliwa hajui kuwa amezuiliwa, atadhani amechokwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hasemi, kwa hiyo usingoje alalamike. Na ukimtakia mtu jema, muulize kwanza kama ndilo jema lake.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe moyo wa kusema "ni mimi" siku utakapokosea, na siku hiyo akuweke mikononi mwa mkubwa atakayesema "ni yangu." Amina.