Aliyefika Kabla ya Fundi

"Mimi kule juu sijawahi kutanguliwa na kiumbe chenye miguu!" fundi baiskeli alitangaza siku ya mashindano, ameng'ang'ania kipaza sauti kama mtu aliyekinunua. "Siku mtu akinitangulia kileleni, nivueni ufundi, mniite mwanafunzi!"

Watu walipiga makofi. Walicheka pia, maana aliyasema hayo akiwa amemaliza wa kumi na tisa. Mbio za barabarani hakuziweza, hilo hata baiskeli yake ilijua. Ila mlima ule aliujua kama mtu anavyoujua mfuko wa suruali yake, pamoja na tundu lake.

Siku za kazi alikaa kibandani kwake, ukuta mmoja na kinyozi, akiziba pancha na kunyoosha rimu zilizokosana na mashimo. Jumamosi asubuhi aliwapeleka watu mlimani: walimu, wauguzi, makarani wenye kofia mpya na vitambi vya zamani. Walipanda kwa baiskeli pale palipokubali, wakasukuma pale palipokataa. Juu kabisa palikuwa na mwamba bapa wenye benchi la mbao, na ukikaa pale unaona mji mzima, mto, na barabara inayotoka mjini kama mtu anayetoroka.

Alikuwa na desturi yake. Kona ya mwisho aliwaacha wageni wapumue, akapanda peke yake, akalifuta benchi umande kwa kitambaa, kisha akapiga filimbi. Wageni walipofika walikuta benchi kavu, wakajiona wako hotelini.

Jumamosi moja ya ukungu alifika juu, kitambaa mkononi, akakuta benchi limeshafutwa. Mwamba wote ulikuwa unang'aa kwa maji, na benchi katikati kavu kama mkate wa juzi. Akapiga filimbi kama kawaida. Mtu aliyejisifu kwenye kipaza sauti hana haraka ya kutangaza aibu yake.

Wakati wa kushuka ndipo alipoiona alama. Tairi moja jembamba lilikuwa limepanda kwenye tope jeusi la njia, na kila baada ya hatua tatu palikuwa na mchoro mdogo kama ngazi ya sisimizi. Alisimama, akainama. Tairi likipasuka, yeye hulishona kwa uzi wa nailoni, mara sita msalaba, na mafundo mawili upande wa kushoto kwa kuwa ni mtu wa mashoto. Mji mzima hakuna fundi mwingine anayeshona hivyo. Ule ulikuwa mshono wake.

Alama zilikuwa zinapanda. Za kushuka hazikuwepo.

"Umetanguliwa, mwanafunzi?" kinyozi alimuuliza Jumatatu, maana karani mmoja alikuwa ameona kitambaa cha fundi kikavu na ameshapeleka habari.

"Umande haukushuka."

"Umande uliogopa kipaza sauti!" Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akatahadhari na wembe. Fundi alicheka naye, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Jumamosi ya pili aliwatoa wageni mapema zaidi, wakalalamika kama watoto walioamshwa waende shule. Benchi lilikuwa kavu. Alama zilipanda, hazikushuka.

Jioni ile alifungua stoo ya nyuma. Baiskeli ya mdogo wake ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, kama ilivyokuwa kwa miaka tisa. Mdogo wake alipanda nayo asubuhi moja kwenda kutazama jua likichomoza, na wakati wa kushuka akapitiliza kona ile watu waitayo Kona ya Mawe. Tangu siku ile fundi alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza, hata mazikoni: "Mdogo wangu alikuwa na haraka." Alilisema mara nyingi, likawa laini mdomoni kama mpini wa jembe.

Tairi la nyuma lilikuwa limelala, halina upepo. Buibui alikuwa ametandaza utando kutoka spoki hadi ukutani, na utando haukuwa umekatika hata uzi mmoja. Fundi alileta taa karibu. Ndani ya mshono, katikati ya zile nyuzi sita, mlikuwa na tope jeusi. Aligusa kwa kidole. Lilikuwa bichi.

Akafunga stoo kwa kufuli. Kisha akarudi akaongeza la pili, kana kwamba kilichotoka bila kukata utando wa buibui kingeheshimu kufuli.

Jumatano mtoto wa yule marehemu akaja kibandani. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, aliyelelewa nyumbani kwa fundi tangu msiba, mwenye ulimi uliochongwa pande zote mbili.

"Baba mkubwa, Jumamosi naenda na nyinyi."

"Wapi?"

"Kanisani. Si mlimani! Kwani Jumamosi unaendaga wapi kwingine?"

"Huendi."

"Nilipokuwa na miaka kumi na tano ulisema nikue. Nimekua. Unataka nizeeke?"

"Ule mteremko si wa mchezo. Baba yako..."

"Baba alikuwa na haraka," alimalizia, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. "Mimi sina. Usiponipeleka nitakwenda mwenyewe Jumapili."

Fundi alimtazama, akaona angekwenda kweli. Sasa hofu yake ilikuwa na jina moja tu. Huko juu kulikuwa na kitu kinachopanda na hakishuki, na huyu mtoto, amana ya mdogo wake, alikuwa anakifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Ijumaa aliipindua baiskeli ya binti, akaanza kuikagua. Waya wa breki ya nyuma ulikuwa umeanza kuchanika. Mkono wake ukaenda wenyewe chini ya meza, kwenye kopo la mabaki.

Kopo lile lilikuwa la maziwa ya unga, kubwa, lenye kutu mdomoni. Ndani mlikuwa na vitu vilivyotolewa kwenye baiskeli za wateja: nati, nyaya, mipira ya breki iliyobakiza unene wa kucha. Mteja alifungiwa kipya kutoka rafuni. Ndugu alifungiwa kutoka koponi. Ndugu ni wa bure, na cha bure humalizwa kwa mabaki. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na hakuna ndugu aliyewahi kulalamika.

Mkono ulifika kopo, ukasimama. Akauvuta. Akachukua waya mpya rafuni, akapasua karatasi yake.

"Mpya?" binti aliruka. "Baba mkubwa, unaumwa? Au kuna mtu amekufa?"

Fundi aliinamia gurudumu. Alikaza nati mpaka spana ikalia.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, mtu akinyoosha mkono anausahau. Wageni wote waliahirisha kwa visingizio vya heshima, wakapanda wawili tu, fundi na binti. Alama zilikuwa mbele yao njia nzima, ngazi ya sisimizi baada ya ngazi ya sisimizi. Fundi alizikanyaga kwa tairi lake ili binti asizione.

Juu, benchi lilikuwa kavu. Safari hii palikuwa pakavu upande mmoja tu, upana wa mtu mmoja, na binti akaenda moja kwa moja akakaa pale bila kuchagua.

"Baba alikuwa anakaa hapa?"

"Hapo hapo."

"Hakuna cha kuona," alisema, akiutazama ukungu. Baadaye kidogo akasema, "Pana joto lakini."

Fundi hakukaa. Alisema washuke.

Walipoanza kushuka mnyororo wake ulichomoka. Kitu cha kurudisha kwa sekunde, lakini vidole vilimkataa. "Nisubiri!" alipiga kelele. Binti alikuwa ameshamezwa na ukungu. Akasikia tairi zake zikiteleza juu ya kokoto, kisha sauti yake akiongea na mtu, kisha kimya.

Fundi aliitupa baiskeli akakimbia kwa miguu. Alikimbia akiita jina la mtoto, na katikati ya kuita akajikuta anaita jina la mdogo wake.

Alimkuta Kona ya Mawe, amesimama, baiskeli imelala pembeni. Hatua mbili mbele yake njia haikuwepo. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeula ukingo kwa chini, ukaporomoka wote baada ya wao kupita wakipanda, na pale palipokuwa na kona palikuwa na mdomo wazi uliojaa ukungu.

"Umejuaje?" fundi alihema. "Nani kakwambia usimame?"

"Yule mtu." Binti alionyesha ukingo kwa kidole. "Alikuwa mbele yangu kwa baiskeli, katikati ya njia, anaburuza viatu chini, huku na huku. Nikabana breki nisimgonge. Nikamwambia, kaka, kwani huna breki? Hakugeuka."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, muulize aliyenifungia."

Fundi alitazama chini. Alama ya tairi ilipita mguuni pa binti, na kila upande wake kulikuwa na mfereji wa soli ya kiatu, mrefu, mzito, wa mtu aliyejaribu kwa nguvu zake zote. Mistari yote mitatu ilikwenda mpaka ukingoni.

Huyo hakuwa mtu mwenye haraka.

Alikaa chini kwenye tope. Binti alimchuchumalia, akamshika bega, akidhani ni pumzi.

"Breki ya mbele ya baba yako ilishakufa siku nyingi," fundi alisema. "Ya nyuma waya ulichanika. Alikuja jioni, akaniambia kaka nifungie, asubuhi napanda. Nikampa waya wa koponi. Ulikuwa mfupi. Nati iliushika kwa ncha tu, mimi nikaona. Nikasema utafika."

Binti aliondoa mkono begani.

"Rafuni hamkuwa na mpya?"

"Mlikuwa nao."

"Ulikuwa wa mtu?"

"Haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa kuuza."

Ukungu ulipita kati yao. Kutoka juu, kule walikotoka, walisikia filimbi, ndefu, mara moja, kama inavyopigwa benchi likishafutwa. Filimbi ya fundi ilikuwa shingoni mwake.

Binti hakugeuka kutazama. Alikuwa anamtazama yeye.

"Ulikuwa shilingi ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili na hamsini."