Namba Moja Hakula Yai

Kwetu Netrokona mtoto akishika namba kwenye mtihani wa Desemba, namba hiyo humganda mwaka mzima. Rejista yetu haifuati herufi za majina. Aliyeongoza ni Namba Moja, aliyeburura mkia naye ana namba yake, na mwalimu akiita mahudhurio huita namba tu. Nimeziita miaka kumi na tisa bila kuona ubaya wowote, maana utotoni nami nilikuwa Namba Moja, na raha yake naijua.

Binti wa Motaleb, fundi cherehani wa sokoni, aliongoza tangu darasa la kwanza. Alipofika la nne nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu. Watu wakienda kupimwa shati kwa baba yake walianza na yeye: "Namba Moja hajambo?" Motaleb alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nami nilimvisha mtoto kilemba cha ukoka. Nilikuwa nikiinua daftari lake mbele ya darasa na kusema, "Tazameni, hakuna hata neno moja lililokatwa." Sikujiuliza kwa nini daftari lenyewe lilikuwa jembamba. Kila ukurasa wenye kosa aliuchana na kuuandika upya.

Asubuhi ya mtihani mtoto wa kwetu hapewi yai. Yai lina umbo la sifuri, na aliyekula sifuri ataandika sifuri. Hata akina mama wanaolicheka jambo hilo huficha mayai siku hiyo. Haliwezi kumdhuru mtu, kwa sababu mitihani huja mara mbili tatu kwa mwaka.

Mwaka ule nikaanzisha jaribio la kila Alhamisi. Mwalimu mkuu alinisifu, akasema samaki mkunje angali mbichi. Namba Moja akaacha mayai kabisa. Kisha akaacha viazi, kwa kuwa viazi navyo ni mviringo. Akaacha chapati. Akaacha dengu. Kufikia Agosti alikuwa anakula wali mtupu kwa chumvi, tena kidogo, na Alhamisi moja, katikati ya jaribio langu, akaanguka chini ya dawati na kalamu mkononi. Nilipomwinua nilishtuka. Mtoto wa miaka kumi alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Kesho yake, Ijumaa, nikaenda kwao. Mama yake, Rahela, alinipokea mlangoni, macho mekundu. Kwetu mwalimu wa kike huitwa Dada, na wazazi na watoto.

"Karibu, Dada. Nyumba usiitazame."

"Anaendeleaje?"

"Daktari kasema ana njaa. Njaa, Dada! Na wali ninao jikoni." Akajifuta kwa ncha ya sari. "Mimi nilimwambia asile yai. Yai moja, siku ya mtihani, basi. Sikumwambia aiache dunia nzima."

Mtoto alikuwa kitandani, ananakili upya lile jaribio la jana.

"Weka kalamu chini, Namba Moja," nikasema. "Utaandika ukipona."

Akaweka. Alikuwa mtoto mtiifu mno, na hilo nalo niliwahi kulisifu.

"Dada, Labonno anayenifuata akinipita, yeye ndiye atakuwa Namba Moja?"

"Ndiyo. Wewe utakuwa Namba Mbili. Mbili ni mbaya?"

"Na mimi nitakuwa nimeenda wapi?"

"Huendi popote. Utakuwa wewe yule yule."

"Yule nani?"

Nikafungua mdomo nimtaje. Jina halikuja. Niliujua mwandiko wake, nilijua hata anavyokohoa kabla ya kusimama kujibu, lakini jina lake sikuwa nalo. Nikatazama godoro, nikatazama dirisha, na yeye ananitazama.

"Tanzila," mama yake akasema nyuma yangu, taratibu. "Anaitwa Tanzila, Dada."

Mtoto akageukia ukutani. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na bado ninayo.

Alikaa nyumbani hadi Oktoba. Rahela alikula naye sahani moja, tonge kwa tonge, na Motaleb aliwakataza wateja wasimuulize mtoto wake isipokuwa kwa jina. Mmoja alisahau, Motaleb akamrudishia kitambaa chake hakijakatwa. Jaribio la Alhamisi nililifuta mwenyewe. Mwalimu mkuu hakupenda. Nikamwambia yule samaki nilimkunja mpaka nikamvunja, na kama anataka kukunja mwingine atafute mwalimu mwingine.

Desemba Tanzila alishika namba tisa. Nilijua mama yake hakulala akimngoja alie, na mtoto hakulia. Siku ya tatu akaomba viazi. Mayai bado hali hadi leo, na kurasa bado anachana, ingawa si zote.

Januari, siku ya kwanza ya darasa la tano, nikaanza kuita kama nilivyozoea. Nilipofika namba nane nikamwona Tanzila ameinamisha kichwa, vidole vimeshika ukingo wa dawati, anaingoja yake. Nikashindwa. Nikafunga rejista, nikaifungua tena, nikaanza upya kwa majina.

Walicheka mwanzoni. Wengine waliitikia mara mbili. Nilipoita "Tanzila Akhtar" akasema "Nipo, Dada" bila kuinua uso, lakini vidole viliachia dawati. Nikaendelea mpaka chini kabisa, kwa mtoto wa mwisho, ambaye tangu aanze shule hakuna aliyeinua daftari lake.

"Moyna Begum."

Nikarudia. Jirani yake akamgusa kiwiko. Msichana akasimama polepole, akatazama kulia na kushoto, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, ndiye mimi huyo?"