Sabuni Ambayo Mama Hakuiba

Mama yangu hajawahi kuiba kitu. Naanza na hilo kwa sababu kuna wakati watu wa kwetu Mbeere, upande wa Kiambere, walisema vingine, na aliyewapa cha kusema ni mimi.

Nilikuwa, na bado niko, mtu wa kuangalia kamera katika duka moja kubwa mjini Embu. Watu wakisikia hivyo hudhani nakaa nimekodolea macho skrini ishirini kutwa nzima. Zamani ilikuwa hivyo. Kisha mwenye duka akaleta mtambo mpya unaojiangalizia wenyewe. Walikuja vijana wawili kutoka Nairobi, wakafunga kamera nyingine kwenye dari, wakatueleza kwamba hizi hazipigi picha tu, zinaelewa. Kila kinachopita kinazungushiwa kisanduku cha kijani chenye jina lake: mtu, mkoba, chupa, kikapu. Halafu mtambo unasoma kinachotendeka. Mtu akisimama sana mahali pamoja, unaandika anazurura. Mzigo ukikaa bila mwenyewe, unaandika umetelekezwa. Mkono ukitoka kwenye rafu ukaingia ndani ya nguo, kisanduku kinageuka chekundu, na hapo unaandika kwamba kuna kitu kimefichwa.

Kazi iliyobaki kwa binadamu ilikuwa kubonyeza. Naletewa kipande cha video cha sekunde nane, na chini yake vitufe viwili, kweli na si kweli. Nikibonyeza kweli, simu ya mlinzi inatetemeka na picha ya mhusika inatokea. Nilipewa shati lenye nembo ya duka na kiti cha kuzunguka, nikajiona nimefika. Nikirudi nyumbani mtaa wa Majimbo jioni nilikuwa nawaeleza majirani habari za mtambo wetu kana kwamba niliuunda mimi.

Mwanzoni ulitutoa jasho. Waliouunda hawakuwa wamewahi kuwaona watu wa huku siku ya soko. Mama wa Mbeere akija na gunia lake la ndengu ataliweka mlangoni mwa duka, aende kwa fundi, aende kumwona mgonjwa hospitalini, arudi baada ya saa mbili na kulikuta palepale, maana hakuna atakayeligusa. Mtambo ulililia magunia mpaka mlinzi akazima simu. Watu wawili wa kijiji kimoja wakikutana kwenye rafu ya mafuta, lazima waulizane habari za mvua, za mbuzi na za mtoto wa nani aliyeingia chuo. Mtambo unaandika wanazurura. Nilibonyeza si kweli hadi kidole kikachoka.

Lakini kwa kuficha haukukosea. Kila kisanduku chekundu nilichokikubali, mlinzi alikuta kitu: wembe, mafuta ya nywele, mara moja kuku mzima wa barafu ndani ya koti la bwana mmoja mwenye tai. Miezi ikapita hivyo. Nikaacha kutazama vizuri. Nikiona chekundu, nabonyeza.

Sasa mama. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu kule Kiambere, tena kwa miaka mingi. Ndiye aliyekuwa akiwakalisha chini wasichana kabla ya harusi na kuwaambia ukweli ambao mama zao wanauonea haya. Kanisa letu halitaki pombe wala tumbaku ya aina yoyote. Ukipatikana nayo unakalishwa kiti cha nyuma, unazuiwa meza ya Bwana, na unakaa huko mpaka wazee waridhike kwamba umetubu. Mama mwenyewe aliwahi kumpeleka mwanamke mwenzake kwenye kiti hicho kwa sababu ya mbaki, ule ugoro wa kunusa ambao bibi zetu wote walikuwa nao.

Na mama ananusa mbaki. Ana kikopo kidogo cha bati anachokiweka kifuani, ndani ya nguo, upande wa kushoto. Sisi watoto wake tulikijua tangu utotoni na tukajitia hatukijui. Akipiga chafya tatu mfululizo nyuma ya jiko, tulitazamana tukaendelea kula. Hata baba, hadi anakufa, sikumsikia akikitaja.

Siku hiyo mama alikuja mjini kliniki ya macho. Alikaa kwenye foleni tangu asubuhi bila kunusa hata kidogo, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu wanaomjua. Alipomaliza akaja dukani kwetu kununua unga na majani ya chai, halafu aende kunisubiri kwangu. Akafika kwenye kona ya sabuni, ambako hakukuwa na mtu. Akachukua sabuni moja ndogo, akaileta karibu na macho, akairudisha. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akageukia ukuta, mkono ukaingia kifuani. Alikuwa anawaogopa watu wa kanisa. Kuangalia juu hakukumjia.

Kisanduku kikageuka chekundu.

Ningependa kusema kwamba sikumtambua. Kamera ilimchukua kutoka juu na kwa nyuma, na ningeweza kumdanganya mtu yeyote kwa hilo. Lakini nilimtambua. Kile kitambaa cha kijani cha kichwani nilimnunulia mimi, na lile bega la kulia lililoshuka nalijua tangu nikiwa mgongoni. Nilimtambua, na katika zile sekunde nane kikopo hakikunijia akilini hata kidogo. Nilichofikiria ni kwamba mama ameanza kuiba. Nikafikiria ukame wa kule nyumbani, nikafikiria uzee, nikafikiria mara ya mwisho nilipomtumia chochote. Nikaona aibu iliyonichoma masikio. Nikajiambia nikibonyeza si kweli, meneja ataitazama video jioni na kuona nimemficha mtu wangu.

Nikabonyeza kweli, kisha nikashuka ngazi mbio.

Mlinzi wetu wa kike, mwenyeji wa Kanyakine, ni mtu wa heshima sana. Nilimkuta ameshamsimamisha mama karibu na mashine za kulipia, anaongea kwa sauti ya chini kama anayeongea na bibi yake.

“Samahani, shosho. Kuna kitu umeweka kwa nguo. Toa tu tumalize.”

“Kitu gani? Mimi nimechukua unga na majani. Si hii hapa kwa kikapu?”

“Mashine imeona, shosho.”

“Mashine ya nani?”

Meneja akaja, simu mkononi, akamwonyesha mama video yake mwenyewe. Mama na macho yale hakuona kitu. “Mama, hii kitu haidanganyangi,” meneja akasema. “Ama uende na huyu kwa ofisi akuangalie, ama niite polisi.”

“Siendi ofisi. Mimi si mwizi.”

Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifua, upande wa kushoto, na anakibana. Watu walikuwa wamesimama na vikapu vyao. Msichana aliyekuwa kwenye mashine ya karibu, anayepokea pesa, anaimba kwaya kanisani kwetu. Alikuwa ameacha kazi anatazama mkono huo. Mimi pia niliutazama. Mtoto wa tumbo lake, niliyelala kwenye kifua hicho, nikautazama mkono ule nikaona kile kile ambacho mtambo uliona.

Mama akaniona. Uso wake ukalegea, kwa sababu alijua sasa amefika mtu wa kumtetea.

“Bosi,” nikamwambia meneja, “huyu ni mzazi wangu. Wacha nilipe hiyo sabuni tumalize hii maneno.”

Ndivyo tunavyofanya huku. Mtu wako akiingia matatani, humuulizi mbele ya watu. Unalipa, unaomba msamaha, unamtoa hapo, maswali yatakuja nyumbani. Ng'ombe wetu akiingia shamba la mtu, baba alilipa kwanza ndipo akaenda kupima nyayo. Nilidhani naokoa heshima yake. Nikalipa pale pale, kwa yule msichana wa kwaya, naye akanipa risiti bila kunitazama.

Tulitoka, tukavuka barabara, tukatembea mpaka chini ya ukuta wa shule moja. Hapo akasimama, akaingiza mkono kifuani, akatoa kikopo. Akakifungua mbele yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akanusa, akakifunga.

“Nilikuwa nakitoa,” akasema kwa Kimbeere, taratibu. “Ulipokuja, nilikuwa nimeshakata shauri. Afadhali wajue nanusa. Nilikuwa nakitoa, wewe ukalipa.”

Nikamwomba msamaha. Nilisema maneno mengi ya kipumbavu, kuhusu kazi, kuhusu meneja, kuhusu jinsi mtambo unavyofanya kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama gari za Kiambere bado zinatoka mahali pale pa zamani. Kwangu hakuja.

Kesho yake niliwapigia simu wale vijana wa Nairobi niwaombe wabadilishe tukio lile liwe si kweli. Aliyepokea alikuwa na adabu. Akanieleza kwamba tukio lililolipiwa ni tukio lililothibitishwa, na matukio yaliyothibitishwa ndiyo yanayoufunza mtambo. Nikamuuliza kuhusu sura ya yule mwanamke. Akasema imehifadhiwa, akiingia tena hata kwenye tawi letu la Meru mlinzi atapata taarifa, ndivyo mwenye duka alivyoagiza. Nikamwambia huyo ni mama yangu. Akasema pole, kama mtu anayeambiwa mvua imeharibu nguo zilizoanikwa. Tangu wiki ile visanduku vyekundu vya wanawake wazee wanaopeleka mkono kifuani viliongezeka, na nusu yao wanatafuta vitambaa vya kufutia jasho.

Habari ilifika Kiambere kabla ya Jumapili. Mama hakungoja kuitwa. Alisimama wakati wa shuhuda, akatembea hadi mbele, akaweka kikopo mezani na kusema ananusa mbaki tangu ujana, kwamba alimhukumu mwenzake kwa dhambi iliyokuwa kifuani mwake, na kwamba hicho ndicho alichokuwa nacho dukani na hakuna kingine. Hayo nilielezwa na dada yangu aliyekuwepo. Akavuliwa uenyekiti, akakalishwa kiti cha nyuma. Hayo aliyatarajia, na aliyachukua kama mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Ambacho hakukitarajia ni kutoaminiwa. Walisema ametoa dogo ili afunike kubwa. Msichana wa kwaya alikuwa ameona kwa macho yake mtoto wa kuzaa akilipa. Mtoto analipaje kitu ambacho mama yake hakuiba? Hata yule mwanamke aliyekalishwa nyuma zamani alilisema hilo, na sina nguvu ya kumlaumu.

Mama akanipigia simu. Hakunisalimu. “Njoo Jumapili uwaambie,” akasema.

Nikaenda. Nilivaa suti. Wazee watatu walikaa mbele, mmoja akiwa na daftari, na kanisa likaambiwa libaki baada ya ibada. Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, peke yake. Nikasimama nikaeleza yote kuhusu kamera, visanduku na sekunde nane. Nikasema mtambo uliona mkono, haukuona kilichomo, na kwamba sabuni ilirudishwa kwenye rafu. Nilikuwa nimeirudia video yote baada ya siku ile nikaiona ikirudishwa. Nilieleza vizuri. Niliona watu wakitikisa vichwa kwa kukubali, nikaanza kupumua.

Mzee mwenye daftari akavua miwani. “Tumekusikia, kijana yetu. Lakini swali ni moja tu. Kama mama hakuchukua, wewe ulilipa ya nini?”

Nilikuwa nimetayarisha jibu. Nilikuwa nimepanga kusema nilitaka kumwondolea fedheha, kwamba ndiyo desturi yetu, na kila mtu mle ndani angenielewa. Lakini jibu hilo ndilo lililokuwa linamweka mama kwenye benchi lile, kwa maana hata mtoto wa mwizi angelipa kwa desturi hiyo hiyo. Nikaangalia nyuma. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mabovu, kichwa ameinamisha upande mmoja ili asikie.

“Nililipa kwa sababu nilidhani ameiba,” nikasema. “Mimi ndiye niliyebonyeza. Nilijua ni yeye, na nikabonyeza.”

Mzee akaandika kwa muda mrefu, kisha wakainamiana watatu, kisha akasimama akatangaza kwamba mambo ya mbaki yatabaki kama yalivyoamuliwa, lakini kuhusu wizi mama hana hatia, na atakayelirudia neno hilo ataitwa mbele ya wazee. Wanawake waliinuka wakaenda kumkumbatia pale nyuma, msichana wa kwaya akiwa miongoni mwao, analia.

Tulipotoka nje mama alisimama mlangoni akawapa mkono watu wote, mmoja mmoja, akiwashukuru. Nilikuwa kwenye mstari huo. Zamu yangu ilipofika alirudisha mkono ndani ya shuka lake, akampa mkono aliyekuwa nyuma yangu.