Kuni za Samoni Mkubwa

Jirani yetu wa kambini huchanja kuni za kukaushia samoni mkubwa, na samoni mwenyewe hana. Kila kiangazi, barafu ya mto Kuskokwim ikishakatika, hufagia banda la moshi, hupangusa fito tupu za kuanikia samaki moja moja kwa kiganja chake chenye sugu, kisha hurudishia mlango taratibu kama mtu aliyekwisha kuwatandikia wageni. Samoni mkubwa amekuwa haba. Sisi wavuvi tumekubaliana kwamba akinaswa arudishwe, tule samoni wa aina nyingine, wale wenye maumbo madogo. Lakini kukubaliana kikaoni ni rahisi, hapo hakuna aliyeshika samaki.

Juzi nilikuwa nao mtoni, yeye na wavu wake wa mpini, shemeji yake Evon kwenye usukani wa mashua. Akanasa jike mnene, tumbo limejaa mayai. Evon akameza mate.

"Shemeji, mmoja tu! Mto hautajua."

"Mto ndio uliomleta, utakosaje kujua?"

Hakumtoa majini. Alimshika mkia, akamwelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akambembeleza kwa sauti ndogo mpaka matamvua yakaanza kupepea. Samoni akamrushia maji ya uso, akaenda zake.

"Sasa zile kuni unamchanjia nani?" Evon akafoka.

Jirani alijifuta uso kwa mkono wa koti, huku anacheka. "Wanawe. Siku wakirudi, wasinikute nahangaika na kuni mbichi."