Maneno ya sinema ya ngumi yaliyomwinua baba, Isansa

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani mmebaki wachache. Haya niliyaona kwa macho yangu.

Nimesoma uzi wenu wa kutaja muvi ya michezo kwa quote moja tu. Mchezo huo tuliucheza kijijini kwetu Isansa enzi za Mwingereza, tukichuma kahawa.

Niwaeleze taratibu.

Gari la sinema lilikuja mara chache, likatundika shuka jeupe uwanjani. Waigizaji walisema Kiingereza, kwa hiyo mkalimani alisimama kando ya shuka akitugeuzia kwa Kiswahili. Maneno yake ndiyo tuliyoyakariri. Shambani mmoja anayatamka, wengine wanataja sinema: ya ngumi, ya mbio, ya farasi.

Baba yangu alikuwa bingwa. Hakosi.

Kisha kifua alichorudi nacho kutoka migodi ya shaba, huko ng'ambo ya mpaka, kikamlaza. Tukamsihi aende hospitali ya misheni. Akageukia ukutani.

"Niacheni nife kwangu."

Mama alishachoka kubembeleza.

Baba mdogo akaja kutoka Nakonde. Hata pole hakutoa. Alikaa kando ya kitanda, akasema, "Kaka, hii ya sinema gani? 'Kengele haijalia. Simama kwanza, kuanguka utaanguka baadaye.'"

Baba hakugeuka. Tukadhani hakusikia.

"Ya ngumi," baba akauambia ukuta. "Yule mzee mwalimu wa ngumi anamwambia bondia wake. Siku zote unauliza rahisi."

"Basi simama, bingwa."

"Mjinga wewe."

Lakini akanyoosha mkono ashikwe.

Tulimbeba kwa machela hadi misheni. Alirudi, akaishi hadi akanipeleka kanisani siku ya ndoa yangu.

Juzi, hapa Tunduma, mjukuu wangu aliipata muvi ile kwenye simu. Niliitambua kwa pengo la yule bondia. Nikasubiri pale pa kengele.

Wakuu, yule mzee hasemi kitu. Anamfuta bondia jasho, basi.

Maneno yalikuwa ya mkalimani. Nadhani alituona tumekodoa macho tukisubiri, akatupatia ya kwake. Jina lake hatukuwahi kuuliza.

Nilichojifunza: mgonjwa aliyekata tamaa, usimhubirie. Mwulize kitu anachokijua yeye.

Nanyi tajeni neno la muvi lililowahi kumwinua mtu kwenu. Nitasoma yote, polepole, macho yangu hayana haraka tena.